Unataka kupanda mlima kwa kasi? Usianze kwa kuruka chakula

Acha nikuulize. Jumapili asubuhi unapanda Ngong kwa baiskeli, ulimi nje, halafu yule rafiki yako mwembamba kama ufito anakupita huku anapiga stori. Unafikiria nini? Wengi huangalia tumbo lao. Jumatatu wanaanza kukwepa chakula cha mchana.

Hawajakosea kabisa. Mlimani, jasho lako jingi huishia kubeba uzani wako. Ndiyo maana makocha huchukua wati unazoweza kusukuma kwa muda mrefu bila kuishiwa, kisha wakazigawa kwa kilo zako. Wewe na baiskeli mkiwa kilo 75 kwa jumla, kupunguza kilo moja kunaweza kukuokolea kama sekunde 40 kwenye mlima wa saa nzima.

Mfano tunao hapa nyumbani. Chris Froome alizaliwa Nairobi, na ujuzi wa baiskeli aliupata kwa David Kinjah kule Mai-a-Ihii, Kikuyu. Mwaka 2007, akiwa na umri wa miaka 22 na bado anaendesha kwa bendera ya Kenya, alipimwa katika maabara mjini Aigle, Uswisi. Alikuwa na kilo 75.6, na wati 420. Akapimwa tena London mwaka 2015, wiki chache baada ya kushinda Tour de France kwa mara ya pili. Kilo 69.9. Na wati? 419.

Soma tena hizo namba. Injini ni ile ile, mzigo ndio ulipungua. Kutoka wati 5.6 kwa kila kilo, akafika karibu 6.

Hapo ndipo vijana wengi hushika nusu ya hadithi na kukimbia nayo. "Kumbe ni kukonda tu!" Hapana, jamani. Kukonda si ajabu, hata malaria itakukondesha. Ajabu ni kwamba kilo karibu sita ziliondoka na wati zikabaki. Tena kati ya vipimo hivyo kulikuwa na miaka minane. Wewe unataka kumaliza kazi hiyo kwa wiki tatu, chai ya rangi na ndizi moja?

Mwili ukinyimwa chakula hauchomi mafuta pekee, unakula na misuli. Tuseme una kilo 70 na unasukuma wati 245. Hiyo ni 3.5 kwa kilo. Ukijinyima hadi kilo 67 na wati zikashuka hadi 220, uko chini ya 3.3. Umekonda, na bado unaachwa.

Na si mwendo tu unaopotea. Mwanamichezo anayekula kidogo kuliko anavyotumia huanza kuugua ovyo, kukosa usingizi, na mifupa yake kudhoofika hadi kupata nyufa. Wavulana hupoteza hamu ya mapenzi, ingawa hakuna atakayekuambia. Nawe dada, hedhi ikikatika usiseme afadhali umepumzika. Nenda ukamwone daktari.

Halafu jiulize, kwani unaendesha wapi? Kama ni Thika Road, adui wako mkubwa ni upepo. Mwitaliano Filippo Ganna ana zaidi ya kilo 80, na Oktoba 2022 aliendesha kilomita 56.792 kwa saa moja, rekodi ya dunia. Huyo hakuna mtu angemwambia akonde.

Kama kweli una kilo za ziada, anza na soda na mandazi ya jioni. Nusu kilo kwa wiki yatosha, na ufanye hivyo wakati hakuna mashindano. Uji wa asubuhi kabla ya safari ndefu usiguse, wala ndizi za njiani. Na kuna wale wanaoacha chupa ya maji nyumbani ili wawe wepesi. Chupa ya mililita 750 ni robo tatu ya kilo tu, wasee. Ibebeni.