UTABIRI WA HALI YA HEWA: NI ILIMU YA SABABU, SI ILIMU YA GHAIBU

Kila jioni redio na televisheni hututangazia khabari za mvua, upepo na mawimbi ya kesho. Wako watu wazisikilizao na kuzitumia. Wako wazipuuzao, kwa kuwa siku moja ziliahidi mvua na mvua isinyeshe. Na wako wenye shaka ya dini, ambao husema: aya ya mwisho ya Sura ya Luqman imeitaja mvua pamoja na mambo ya ghaibu, basi huyu anayeitangaza kabla haijanyesha ana tofauti gani na mpiga ramli?

Swali hili si la mzaha. Mwenye kulijibu vibaya huweza kuiharibu itikadi yake, au kuipoteza roho yake na roho za watoto wake. Kwa hivyo yapasa tulitazame kwa utaratibu.

MPIGA RAMLI NA MTAALAMU

Huenda ni neno lenyewe "utabiri" lililowatia watu shaka, kwani katika mazoea yetu mtabiri ni mwenye kudai kuyajua yaliyofichika. Lakini mpiga ramli hatazami wingu wala bahari. Hutazama mchanga wake akadai kuwa amefunuliwa. Mtaalamu wa hali ya hewa hadai kufunuliwa kitu. Yeye huzipima sababu ambazo Mwenyezi Mungu mwenyewe ameziweka, yaani joto, unyevu, uzito wa hewa na mwendo wa upepo, kisha akazifanyia hesabu.

Na hili si jambo geni kwetu. Wazee wetu wa pwani walijua kuwa kaskazi huvuma tangu Desemba hata Machi, na kwamba kusi hufuata. Kwa ujuzi huo majahazi yalikuja kutoka Arabuni na Bara Hindi, yakarejea. Neno letu "msimu" asili yake ni Kiarabu, na Wazungu nao walilichukua neno hilo hilo kuziita pepo za bahari hii. Ahmad bin Majid, nahodha mashuhuri wa Julfar, aliandika katika karne ya 15 vitabu vya nyota, pepo na majira ya kusafiri. Hakuna aliyesema kuwa nahodha huyo kadai ilimu ya ghaibu.

ILIMU HII ILIVYOKUA

Mwaka 1859 merikebu iitwayo Royal Charter ilivunjika katika dhoruba pwani ya Wales, wakafa watu zaidi ya 400. Msiba huo ulimsukuma Robert FitzRoy wa Uingereza kukusanya khabari za hewa kwa simu ya waya kutoka miji mbali mbali, na mwaka 1861 akaanza kuwaonya mabaharia. Mwaka 1904 Vilhelm Bjerknes wa Norway alisema kuwa hewa hufuata kanuni za maumbile, basi mwenye kuijua hali yake ya leo aweza kuihesabu ya kesho. Lewis Fry Richardson alijaribu kwa kalamu na karatasi. Hesabu ya saa 6 tu ilimchosha, na jawabu aliyoitangaza mwaka 1922 haikuwa sahihi. Njia ilikuwa ya haki; kilichokosekana ni vipimo bora na mashine ya kuhesabu. Mashine ilipopatikana, yaani kompyuta, hesabu hiyo ilifanywa Marekani mwaka 1950.

Aprili 1, 1960, Marekani ilirusha TIROS-1, setilaiti ya kwanza iliyofaulu kupiga picha za mawingu kutoka juu. Tangu hapo kimbunga hakiwezi tena kujificha katikati ya bahari. Na chini ya maji, tangu mwisho wa karne iliyopita, yametawanywa maboya ya Argo, ambayo sasa ni 4,000 hivi. Kila boya huzama mpaka mita 2,000, na kila siku 10 huibuka likapeleka khabari za joto na chumvi ya bahari. Khabari hizi zote huingizwa katika kompyuta kubwa. Matokeo yake ni kuwa kila miaka 10 utabiri umeongeza takriban siku 1 ya kutegemewa. Na karibuni, tangu 2023, zimetokea programu zilizofunzwa kwa kumbukumbu za hewa za miaka 40 hivi, zenye kutoa utabiri wa siku 10 kwa muda wa dakika tu.

MPAKA WAKE

Hata hivyo, wataalamu wenyewe ndio wa kwanza kukiri udhaifu wao. Mwaka 1963 Edward Lorenz alionyesha kuwa kosa dogo mno katika kipimo cha leo hukua siku hata siku, mpaka likaiharibu hesabu yote. Kwa sababu hiyo hali ya hewa ya siku fulani haitabiriki kwa undani zaidi ya wiki 2 hivi. Ndiyo maana hesabu hufanywa mara nyingi, kama mara 50, kila mara mwanzo ukabadilishwa kidogo. Zikikubaliana, husema kwa nguvu. Zikiachana, hupunguza sauti. Akisema uwezekano wa mvua ni 70 katika 100, maana yake ni kuwa katika siku 10 za namna hiyo, 7 zatarajiwa kunyesha na 3 hazinyeshi. Je, huyu ni mwenye kudai ghaibu? Huyu ni mwenye dhana iliyojengwa juu ya dalili, kama daktari amtazamapo mgonjwa.

MAFUNZO YA GHUBA YA BENGALI

Sasa natutazame ndugu zetu wa Bangladesh. Usiku wa kuamkia Novemba 13, 1970, katika mwezi wa Ramadhani, kimbunga kiliipiga nchi hiyo, iliyokuwa wakati huo Pakistan ya Mashariki. Bahari ilipanda ikavifunika visiwa. Wakafa watu wasiopungua 300,000. Setilaiti ilikwisha kukiona kimbunga hicho, na redio ilitangaza. Lakini wengi hawakufahamu khatari ilivyo kubwa, na hawakuwa na pa kukimbilia.

Aprili 1991 kimbunga kingine kiliua watu 138,000 hivi. Katika hao, wanawake walizidi wanaume kwa mbali. Wengi walibaki majumbani wakingojea idhini ya waume wasiokuwapo, au waliona haya kuingia mahali pa kujihifadhi palipochanganya wanawake na wanaume. Msomaji, litafakari jambo hili. Sitara ni katika dini, lakini dini hii hii imeifanya hifadhi ya roho kuwa katika makusudio yake makubwa, na mwenye dharura ana ruhusa yake.

Wabangladesh walijifunza. Walijenga majengo ya kujihifadhi, na baadaye yakatengwa ndani yake mahali pa wanawake. Walikusanya watu wa kujitolea, ambao leo wamezidi 70,000, na nusu yao ni wanawake, waendao nyumba kwa nyumba na bendera na vipaza sauti. Misikiti nayo hutangaza. Mei 2020, tena katika Ramadhani, kimbunga Amphan kilipokuja, watu zaidi ya milioni 2 walihamishwa mapema, na waliokufa nchini humo hawakutimia 50. Kila roho ina thamani. Lakini pima mwenyewe 300,000 na 50.

KWETU PWANI

Tusidhani kuwa haya ni ya mbali. Zanzibar ilipigwa na kimbunga Aprili 1872, na Lindi Aprili 1952. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilikaribia Mafia. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilikuwa imekwisha kutangaza, na safari za boti baina ya Dar es Salaam na Unguja zikasimamishwa. Vile vile wataalamu wamejua kuwa bahari ya upande wetu ikipata joto kuliko kawaida, na ya upande wa Sumatra ikapoa, vuli huja kwa mafuriko, kama 1961, 1997 na 2019. Khabari hiyo huweza kupatikana miezi kabla, nayo humfaa mkulima, mfugaji na mwenye nyumba bondeni.

YATUPASAYO

Sayyidna Omar alipofika karibu na Sham akapata khabari ya tauni, aliamua kurejea. Akaulizwa kama anaikimbia kadari ya Mungu, naye akajibu kuwa anaitoka kadari ya Mungu kwenda katika kadari ya Mungu. Jawabu hilo latutosha. Aliyeileta dhoruba ndiye aliyetupa akili ya kuiona ikija.

Basi mvuvi asitweke tanga siku aliyoonywa, hata kama kitoweo kimekwisha. Baba asafiripo, aache idhini mapema: onyo likija, mama na watoto waondoke bila ya kumngojea. Vijana wawe ndio wa kuwabeba wazee na kuwapasha khabari majirani wasio na redio. Na maimamu wasione vibaya kulisoma onyo baada ya sala. Kisha tuombe, kwani mvua huinyesha Mungu, na kipimo hakiteremshi hata tone moja.

Mwenyezi Mungu atujaalie mvua za rehema, na atuepushe na mvua za adhabu. Amin.