Wakala na Dalali: Lugha ya Soko la Kongowea na Programu za Kukutanisha Wauzaji na Wanunuzi

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuchunguza namna msamiati wa biashara wa Mombasa bara unavyoweza kueleza, na hata kusahihisha, kazi ya programu za kompyuta zinazolinganisha kinachotolewa na muuzaji na kinachotakwa na mnunuzi katika masoko ya intaneti. Kwa kawaida jambo hili huhesabiwa kuwa la wataalamu wa kompyuta peke yao. Itaonyeshwa hapa kwamba kabla ya kuwa tatizo la hesabu, ni tatizo la maana ya maneno.

2. Istilahi

Mfano mmojawapo wa awali ni Kasbah, mfumo uliobuniwa na Anthony Chavez na Pattie Maes katika Massachusetts Institute of Technology, Marekani, mwaka 1996. Muuzaji aliiarifu programu yake bei aliyoitamani, bei ya chini kabisa ambayo angeikubali, na siku ya mwisho ya kuuza. Programu ikazitafuta programu za wanunuzi na kuteremsha bei kidogo kidogo kadiri muda ulivyopita.

Programu kama hiyo iitweje kwa Kiswahili? Maneno mawili yapo tayari, yote yenye asili ya Kiarabu. Wakala hutokana na mzizi wenye maana ya kukabidhi. Mtu huyu hutenda kwa niaba ya aliyemtuma. Tangu M-Pesa ianze nchini Kenya mwaka 2007, neno hili limezoeleka hata katika vibanda vya Likoni na Changamwe. Dalali hutokana na mzizi wa kuongoza au kuonyesha, ule ule uliozaa neno dalili. Yeye husimama kati ya pande mbili na kupata ujira wake biashara inapokamilika.

Tofauti hii yafaa kuhifadhiwa. Programu inayotetea upande mmoja iitwe wakala. Inayokutanisha pande mbili iitwe dalali. Katika Kasbah kila mtu alikuwa na wakala wake, na soko lenyewe ndilo lililokuwa dalali.

3. Tatizo la maana

Kongowea ni soko kubwa la jumla lililoko bara ya kaskazini, upande wa Kisauni. Hapo hukutana wenyeji wa pwani na wafanyabiashara wa kutoka bara ya mbali, na lugha zao za soko hazilingani. Matatizo matatu hujitokeza.

(a) Kitu kimoja, majina mengi. Mwenyeji hutaka tungule na mbatata. Mgeni ana nyanya na viazi. Dalali wa sokoni hafikiri mara mbili, lakini programu inayolinganisha herufi itasema kwamba bidhaa haipo.

(b) Neno moja, maana nyingi. Gunia la kawaida si sawa na gunia la lumbesa, lililoongezewa shehena juu ya mdomo wake. Zito zaidi ni kitenzi chenyewe cha biashara. Katika Kimvita, kuuza ni pia kuuliza. Asemaye "nauza bei ya tungule" huenda hana hata tungule moja. Anataka kujua bei tu. Programu isiyojua hivyo itamweka mnunuzi katika safu ya wauzaji. Dalili ya kumtambua ni ya kisarufi: kinachofuata kitenzi ni jambo la kuulizwa, kama bei au habari, ama kiambishi cha mtu huingia ndani yake, kama katika "nakuuza".

(c) Jina moja la kigeni, vitu vingi. Katika Kiingereza neno moja hutosha kwa tunda la mnazi. Mswahili ana kidaka, kitale, dafu, koroma na nazi, kwa kufuata ukuaji. Dafu ni la kunywewa maji. Nazi ni ya kukunwa. Koroma limepita dafu lakini halijafikia nazi. Orodha ya bidhaa iliyotafsiriwa kutoka Kiingereza huvifuta vituo hivi vyote. Mzigo wa madafu wa Likoni ungeweza kuvushwa kwa feri, ukapita kisiwani na daraja la Nyali, ukamfikia mpishi wa Kisauni anayetaka tui.

4. Hitimisho

Dalali wa Kongowea akikosea, huulizwa papo hapo, na kesho hatapewa mzigo. Programu ikikosea hurudia kosa lile lile kwa kila ajaye, na hasara humwangukia mwenye mali inayooza. Tena, mfanyabiashara asiyeeleweka na mashine kwa lugha yake hulazimika kuandika kwa lugha nyingine au kukaa nje ya soko.

Kwa hiyo, kamusi ya soko, yenye visawe, lahaja, vipimo na hatua za ukuaji wa mazao, ni msingi wa kazi hii, wala si pambo lake. Kuitunga ni wajibu wa idara za Kiswahili, na mahali pa kuanzia ukusanyaji ni sokoni, midomoni mwa madalali wenyewe.