Vumbi la Juba na Uhai wa Injini
Mwenye gari mtaani Thongpiny, karibu na uwanja wa ndege wa Juba, ana maadui wawili wakati wa kiangazi: vumbi na joto. Chujio la hewa likijaa vumbi, injini hukosa nguvu. Likitoboka, vumbi huingia na kusaga silinda. Likague kila wiki, na likichakaa libadilishe. Alfajiri, injini ikiwa baridi, pima oili na maji ya rejeta. Kamwe usifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa moto, kwani mvuke huunguza vibaya. Kutoka Juba hadi Nimule ni kilomita 192: afadhali kasoro igunduliwe nyumbani kuliko njiani, ukiwa na watoto garini.