Chakula Kisipoe Sahanini

Mwananchi wa Unguja au Pemba afikaye Dodoma kwa shughuli za Bunge au za ofisi, katika miezi ya Juni na Julai, hugundua upesi jambo ambalo kwao halimsumbui. Ameketi mgahawani Majengo, karibu na soko, ameletewa wali na mchuzi unaofuka mvuke. Amenawa mikono na kumjulia hali jirani yake. Alipotia tonge la kwanza kinywani, wali umekwisha kupoa. Hapo hulaumiwa mpishi. Lakini mpishi hana kosa. Mwizi ni mwingine, nasi yafaa tumjue.

Joto la chakula lina njia nne za kutorokea. Huingia katika sahani yenye baridi. Huchukuliwa na upepo. Huondoka pamoja na mvuke. Na njia ya nne, isiyoonekana kwa macho, ni mnururisho. Huo ndio joto tulipatalo usoni tukiketi mbali kidogo na moto wa kuni, hata kama upepo unavuma kutoka upande wetu. Kila kitu chenye joto hutoa mnururisho, na sahani ya ugali haikuachwa nyuma.

Mwaka 1879 mtaalamu wa Austria, Josef Stefan, alionyesha kwamba mnururisho huongezeka kwa kipeo cha nne cha joto, likihesabiwa kuanzia nyuzi 273 chini ya sifuri. Mwaka 1884 Ludwig Boltzmann aliithibitisha kanuni hiyo kwa hesabu. Tukiitumia, tutaona kwamba chakula chenye nyuzi 70, katika usiku wa Dodoma wa nyuzi 14, hupoteza joto kwa njia hiyo takriban robo zaidi kuliko kikiwa Unguja penye nyuzi 28. Mji huu umejengwa zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na upepo wake nao hauna huruma.

Dawa yake ni ipi? Kitu cheusi hutoa mnururisho kwa wingi. Kitu king'aacho hutoa kidogo sana. Kwa hiyo mama anayesugua sufuria na mfuniko wake kwa majivu hadi ving'ae hatafuti sifa tu, bali anazuia joto lisitoroke. Ndiyo siri ya chupa ya chai, iliyobuniwa na James Dewar mwaka 1892: kuta mbili zinazong'aa, na katikati yake hamna hewa.

Wenzetu wa visiwani wana kawa, lililosukwa kwa ukindu. Kawa haling'ai, lakini hupokea mnururisho wa chakula, likapata joto, likarudisha sehemu yake sahanini. Tena hukinga upepo, hupunguza mvuke unaopotea, na hufukuza nzi. Haifai kulidharau kwa kuwa ni kazi ya mikono ya bibi zetu. Majengo na kwingineko bara, kawa au mfuniko ung'aao juu ya kila sahani, na sahani iliyopashwa kwa maji ya moto kabla ya kupakuliwa, vingetosha kuondoa malalamiko mengi.

Wala jambo hili si dogo. Chakula kilichopoa hurudishwa jikoni, na mkaa huwashwa mara ya pili. Mkakati wa Taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa mwezi Mei 2024, unakusudia asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Lakini hata gesi na umeme hununuliwa kwa fedha, na joto lililohifadhiwa halina bei. Tena Shirika la Afya Duniani linashauri chakula cha moto kihifadhiwe katika joto linalozidi nyuzi 60, kwa kuwa chini ya hapo vijidudu huzaliana upesi. Kawa basi ni la kungojea mlaji, si la kulaza kiporo.

Wakuu wa shule, hospitali na kantini za ofisi hawana budi kulitazama jambo hili. Mgonjwa wa kitanda cha mwisho wodini, na mwanafunzi wa mwisho katika foleni, nao wana haki ya kula chakula cha moto. Gharama yake ni mfuniko.