Hikaru Nakamura Hakushindi kwa Mkono Mwepesi: Hizi Ndizo Siri Zake za Blitzi na Venye Utazitumia

Piga hii hesabu kwanza. Mwaka wa 2008, Hikaru Nakamura wa Marekani alicheza chesi mtandaoni na Rybka, programu ya kompyuta yenye wakati huo ilikuwa kati ya kali zaidi duniani. Kila upande ulikuwa na dakika tatu, hakuna sekunde za nyongeza. Gemu ikaenda muvu 271. Gawanya sekunde 180 kwa 271 uone. Haifiki hata sekunde moja kwa kila muvu. Na bado msee akashinda kompyuta.

Najua unawaza nini. "Huyo ana mkono mwepesi, basi." Zii. Kompyuta haina mkono, na kwa kupiga hesabu ilikuwa inamuacha mbali sana. Nakamura alishinda kwa sababu alitengeneza gemu yenye yeye hakuhitaji kufikiria sana.

Alifunga ubao wote kwa askari, zile ndogo za mbele. Akakubali kupoteza ngome zake kwa vipande vya bei ya chini. Halafu akaanza kuzungusha vipande nyuma ya ukuta wake, huku na huku, kama mtu anangoja mvua iishe. Sasa, chesi ina sheria: muvu 50 zikipita bila mtu kula kipande wala kusongeza askari, gemu inaweza kuisha droo. Rybka ikaangalia vipande, ikaona iko mbele, ikakataa droo. Ili kuihepa ikasongeza askari yenye haingefaa kuguswa. Ukuta ukafunguka, na wa kuingia akawa Nakamura. Mwishoni alikuwa na raha hadi askari zake zikifika upande ule mwingine anazigeuza maaskofu badala ya malkia, kuchokoza tu.

Kama wewe ni wale wa kucheza gemu 40 kwa siku, kwa mat, kwa lunch, hadi saa nane usiku kwa bed, na retingi yako imegandia pale pale tangu Januari, hii stori ni yako. Unachoma bando na usingizi ukifanya zoezi la vidole, na shida haiko kwa vidole.

Blitzi ni nini haswa

Chesi, au sataranji kama mwalimu wako wa Kiswahili alivyokuwa akiiita, ina kasi tofauti. Shirikisho la dunia, FIDE, linaita blitzi gemu yenye kila mchezaji ana dakika 10 kushuka chini. Mashindano ya dunia ya blitzi yanachezwa dakika tatu kwa kila mtu, na kila ukisonga unaongezewa sekunde mbili. Mtandaoni wasee wengi wanapenda dakika tatu kavu, bila nyongeza.

Tofauti si ndogo. Kwa dakika tatu kavu, gemu ya muvu 40 inakupea sekunde nne na nusu kwa kila muvu, na zikiisha umelamba lolo hata kama ungebakisha muvu moja umuue mfalme wake. Kwa dakika tatu na sekunde mbili, gemu ya muvu 60 inakupea dakika tano nzima. Moja inalipa mkono, ingine inalipa kichwa. Kumbuka hiyo, tutairudia.

Huyu Nakamura ni nani

Alizaliwa 1987 Hirakata, Japani, akahamia Marekani akiwa mtoi. Baba yake wa kambo, Sunil Weeramantry, ni mwalimu wa chesi anayejulikana sana huko. Mwaka wa 2003, akiwa na miaka 15, akawa grandmasta na kuvunja rekodi ya Bobby Fischer ya Mmarekani mdogo zaidi kufika hapo. Ametwaa ubingwa wa Marekani mara tano. Kwa chesi ya kasi ya mtandaoni, alishinda Speed Chess Championship mara tano mfululizo, 2018 hadi 2022.

Ukimwona kwa streams zake, anapiga stori na wasee, anasoma meseji, anacheka, na bado anamnyorosha grandmasta kwa upande ule mwingine. Inakaa uchawi. Wacha tuifungue.

Siri ya kwanza: anaona, hapigi hesabu

Mwaka wa 1973 watafiti wawili wa Marekani, William Chase na Herbert Simon, waliwaonyesha watu ubao wa chesi kwa sekunde tano, kisha wakawaambia waupange tena kwa kumbukumbu. Fundi wa chesi alirudisha vipande vingi kuliko mtu wa kuanza. Halafu wakapanga vipande ovyo, bila maana yoyote, wakarudia. Tofauti ikakaribia kuisha. Yaani fundi hakuwa na kumbukumbu ya ajabu. Alikuwa anatambua sura: hapa mfalme amejificha hivi, hapa farasi anaweza kubamba vitu viwili.

Angalia wazee wa drafti pale base, wale wa vifuniko vya soda. Mzee anagonga kifuniko chwap kabla hujaketi vizuri. Si ati ana mkono wa radi. Hiyo hali ameiona mara elfu. Nakamura ni huyo mzee, tofauti ni ati alianza akiwa mtoto, na alijenga macho yake kwa gemu ndefu za masaa kabla ya kuyatumia kwa dakika tatu.

Siri ya pili: muvu poa sasa, si muvu kali kesho

Kwa blitzi, muvu bora yenye imekula sekunde 40 inaweza kuwa mbaya kuliko muvu ya kawaida yenye imekula tatu. Nakamura akiona muvu iko salama na ina kazi, anaicheza. Hakai akitafuta muvu ya kuwekwa kwa kitabu. Sekunde zake anazikusanya, na anazitumia pale gemu inageuka: kabla ya kubadilishana malkia, mfalme wake akishambuliwa, ama akinusa nafasi ya kumaliza.

Siri ya tatu: anakuachia wewe maswali

Karibu kila muvu yake ina kitisho kidogo. Si lazima kiwe kikubwa. Anakugusa malkia, anakutolea jicho kwa askari isiyolindwa, anakufungulia mlango karibu na mfalme. Kila mara wewe ndiye unasimama kujibu, na saa inayokimbia ni yako. Ndio maana pia anapenda kuanza na vitu kama askari ya b3. Hiyo si muvu ya kukuua. Inakutoa tu kwa zile muvu umekariri, mnabaki wawili mnacheza kwa macho, na macho yake unayajua.

Lakini mbona hajakuwa bingwa wa dunia?

Hapa ndio watu wengi hawafiki. Na ukali wote huo, hadi 2024 inaisha Nakamura hakuwa ameshinda ubingwa wa dunia wa blitzi. Moscow 2019 alifungana pointi na Magnus Carlsen wa Norway kileleni baada ya raundi 21, wakacheza gemu mbili za kuamua, Carlsen akachukua. Almaty 2022, Carlsen wa kwanza, Nakamura wa pili. Hata kwa Speed Chess Championship, 2023 Carlsen alimtoa kwa fainali kwa tofauti ya pointi moja.

Kwa meza ya ukweli mambo yanabadilika. Huwezi kuingiza muvu mapema kabla mwenzako hajasonga, venye unafanyanga kwa simu. Sheria inasema mkono uliosongeza kipande ndio huo huo unagonga saa. Na zile sekunde mbili za nyongeza zinamaanisha mtu anayejua kumaliza hawezi kuangushwa na saa kirahisi. Carlsen anapenda hapo sana: anachukua faida ndogo, askari moja tu, anakuburuta hadi mwisho vipande vikiwa vichache, na huko hakosei. Kwa hiyo ukikopi kasi ya Nakamura pekee, utafika mahali kisha utapatana na ukuta. Wewe beba macho ya Nakamura pamoja na umaliziaji wa Carlsen.

Sasa wewe utafanya aje

1. Hama dakika tatu kavu. Kwa mwezi mmoja cheza dakika tatu na sekunde mbili, ama dakika tano na sekunde tatu. Utaacha kushinda gemu mbovu kwa sababu ya saa ya mwenzako, na utaanza kuona makosa yenye ulikuwa unayaficha nyuma ya kasi.

2. Beba mwanzo mbili tu. Moja ya nyeupe, moja ya nyeusi. Ukiwa nyeupe, London inatosha: askari d4, askofu f4, askari e3, halafu unatoa farasi zako na kuficha mfalme. Ukiwa nyeusi na mwenzako ameanza e4, Caro-Kann: askari c6, kisha d5. Lengo ni muvu nane au kumi za kwanza ziishe ukiwa hujatumia hata nusu dakika. Ukibadilisha mwanzo kila siku kwa sababu umeona video mpya, kila siku utakuwa mgeni kwa ubao wako mwenyewe.

3. Maswali mawili kabla ya kidole. "Amenitishia nini?" na "Nikisonga hii, ni nini naacha bure?" Ni hayo tu. Gemu nyingi za retingi za chini haziamuliwi na mipango mirefu. Zinaamuliwa na farasi aliyeachwa nje bila mlinzi. Mwanzoni haya maswali yatakula sekunde tano. Baada ya wiki chache yatakula moja.

4. Gawanya saa kama nauli. Ukiwa na muvu mbili zote zinakaa poa na sekunde kumi zimepita, chukua ile salama, songa. Ruhusu kufikiria kwa muda mrefu, yaani sekunde 15 au 20, mara mbili au tatu tu kwa gemu nzima. Na hakikisha umeingia mwisho wa gemu ukiwa na angalau sekunde 30. Kuingiza muvu mapema kwa simu, fanya tu kama jibu la mwenzako ni lazima, mfano amekula kipande chako na wewe unarudisha. Zaidi ya hapo ni kucheza bahati nasibu na malkia yako.

5. Jenga macho. Dakika 15 kwa siku za mafumbo ya chesi. Chukua rahisi, sio zile za kukutoa jasho. Chekimeti ya muvu moja, ya muvu mbili, farasi akibamba mfalme na malkia. Rudia hadi ujibu kabla hujamaliza kuwaza. Lichess inakupea mafumbo bila kikomo, bure, na haina matangazo, kwa hiyo sababu ya doh haipo.

6. Jua kumaliza vitu vitatu. Mfalme na malkia dhidi ya mfalme. Mfalme na ngome dhidi ya mfalme. Mfalme na askari moja dhidi ya mfalme. Uwe unaweza kumaliza hizo mbili za kwanza ukiwa na sekunde 20 zimebaki. Ya tatu ujue venye wafalme wawili wakitazamana na nafasi moja katikati, yule ambaye si zamu yake ndiye mara nyingi ana nguvu. Hapo tu utaokoa pointi zenye sahii unatupa.

7. Gemu moja ndefu kila wiki. Dakika 15 na sekunde 10, ama zaidi. Blitzi haifundishi sana. Inatumia kile tayari unajua. Ukicheza blitzi pekee unatoa pesa kwa akaunti na huweki.

8. Ukipoteza mbili mfululizo, weka simu chini. Hii ndio wengi hawataki kusikia. Ile gemu ya tatu huichezi na mpinzani, unaicheza na hasira zako. Badala ya kubonyeza gemu mpya, fungua ile umepoteza, tafuta muvu moja tu yenye ilikuharibia, na ujiulize ulikosa lipi kati ya yale maswali mawili. Dakika mbili zinatosha.

Anza na hii wiki

Usijaribu zote nane mara moja, utaacha Jumatano. Wiki hii fanya tatu: badilisha saa iwe na sekunde za nyongeza, cheza gemu kumi kwa siku na usizidishe, na ufanye mafumbo yako dakika 15 kabla ya gemu ya kwanza. Retingi inaweza kushuka siku za kwanza, kwa sababu umeacha kuwaangusha watu kwa saa. Usitishike. Wiki ya pili ongeza ile mwanzo moja ya nyeupe na ile ya nyeusi, halafu uanze kufungua kila gemu umepoteza. Ukifika mwisho wa mwezi, hesabu ni mara ngapi umeacha kipande bure kwa gemu kumi za mwisho, ulinganishe na kumi za kwanza. Hiyo namba ikishuka, retingi itafuata tu.