Mlango wa depo: tuufunge kwa mwizi, si kwa mfanyakazi



Kila mara tunazungumza juu ya kuchunga mahindi na wadudu na unyevu. Leo tuzungumze juu ya watu wanaolala na kufanya kazi ndani ya depo.

Huku Mokambo, kwenye mpaka na Zambia, niliingia depo moja yenye mashini ya kusaga. Iko na mlango mmoja tu, madirisha yako na vyuma. Usiku walinzi wawili wanafungiwa ndani, na ufunguo wa kadena unaenda kulala kwa jerani. Nikauliza sababu. Mzee mmoja akanijibu: «Bwana agronomo, bezi beko bengi, njo maana tunafungaka na inje.»

Namuelewa. Lakini hofu hiyo ya wizi ilikwisha kuua watu. Tarehe 25 Machi 1911, kule New York, kiwanda cha nguo kiliwaka. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa na ufunguo, juu wenye kiwanda waliogopa kuibiwa. Watu 146 walikufa, wengi wao wasichana. Karibu na sisi, Machi 2001, moto uliwaka usiku katika bweni la shule ya Kyanguli, nchini Kenya. Mlango mmoja ulikuwa na kufuli, madirisha na vyuma. Wanafunzi 67 walikufa.

Katika nyumba iliyofungwa, moshi unatangulia moto. Mtu anaweza kuzimia mbele hata ndimi za moto hazijamfikia. Na kwetu hatari ni nyingi: magunia makavu, mazutu ya mashini, na vumbi ya bunga. Vumbi hiyo ikijaa hewani na cheche ikaigusa, inaweza kulipuka.

Basi tufanye hivi:

1. Depo iwe na milango miwili, kila mmoja upande wake. Moto ukiziba mmoja, watu watoke kwa mwingine.
2. Mlango ufunguke kuelekea inje. Watu wakisukumana, mlango unaofunguka kwa ndani unakwama.
3. Kwa ndani tuweke komeo la kusukuma na mkono, bila ufunguo. Wa inje hawezi kuingia, wa ndani anatoka mara moja.
4. Njia ya kufika mlangoni ibaki wazi, hata wakati wa mavuno. Tusipange magunia pale.
5. Mazutu ichungwe inje, mbali na milango. Bunga ifagiliwe kila siku.

Sheria ya kazi ya nchi yetu, namba 015/2002 ya 16 Oktoba 2002, inamtaka mwajiri achunge afya na usalama wa wafanyakazi. Koperative inayolipa walinzi ni mwajiri pia.

Kwa mkutano unaokuja, mjaribu jambo moja: muingie wote depo, mzime taa, kisha mtoke. Mtaona wenyewe mlango gani unakawisha watu. Na kuanzia usiku wa leo, kadena ya inje iondoke kama kuna mtu ndani.