Jina la nani limo katika daftari la askari?

Sisi tuliokulia vyuoni tumesimuliwa sana ushujaa na uadilifu wa Sayyidna Umar bin Khattab, radhi za Mwenyezi Mungu zimshukie, walakini ni wachache waliosimuliwa habari za daftari lake. Yapata mwaka wa 20 Hijria, ndio 641 wa Miladi, majeshi ya Kiislamu yalikuwa yamekwisha kuingia Shamu, Iraki na Misri, na mali ikimiminika Madina. Khalifa akaamuru iwekwe diwani: majina ya wapiganaji pamoja na ahali zao, ili kila mtu apate fungu lake bila ya kusukumana mlangoni. Kazi hiyo hakuwapa makarani wa hivi hivi. Aliwaita mabingwa wa nasaba, miongoni mwao Aqil bin Abi Talib na Jubair bin Mut'im, watu waliojua nani mwana wa nani na nani kaoa wapi.

Hata hivyo daftari lile lilikuwa na kasoro. Posho ya mtoto ilitolewa baada ya kuachishwa ziwa. Imesimuliwa kwamba usiku mmoja msafara ulipiga kambi nje ya Madina, na Khalifa na Abdulrahman bin Auf wakakesha kuulinda. Akasikia mtoto mchanga analia. Alimwendea mamake mara ya kwanza, ya pili, hata ya tatu, kumhimiza amtulize. Mama yule, asijue asema na nani, akajibu kuwa anamwachisha ziwa kabla ya wakati, maana Umar hamwandiki mtoto anyonyaye. Alfajiri hiyo aliwasalisha watu huku akilia, kisha akatoa amri kila mtoto wa Kiislamu aandikwe tangu azaliwapo.

Yaani daftari la askari si karatasi ya kambini tu. Ni chakula cha watoto.

Afrika Mashariki yetu imeonja jeshi lisilojali nasaba. Kila mtu analijua jina la Kariakoo, Nairobi na Dar es Salaam, lakini vijana wengi hawajui kuwa limetokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wachukuzi waliobebeshwa mizigo ya Mwingereza katika vita vya 1914 hadi 1918. Walikufa kwa maelfu, wengi kwa maradhi na njaa kuliko risasi. Karani aliandika jina moja alivyolisikia, kijiji alivyokikisia, basi. Vita vilipokwisha, mishahara ya wengi waliokufa haikuwafikia wenyewe, kwani warithi hawakupatikana. Katika Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti na kuomba radhi, ikikiri kuwa watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, na huenda wakafika 350,000, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Wajukuu wao tumo humu humu tukinunua ndizi sokoni Kariakoo.

Asidhani mtu kuwa haya ni ya wakati wa kutojua kuandika. Marekani ni taifa lenye fomu kwa kila jambo, na askari wake hutakiwa kuipitia fomu ya dharura kila mwaka na kila anapopelekwa vitani. Hata hivyo ikazuka kesi ya Ridgway. Sajenti mmoja alimwacha mkewe mwaka 1977, na mahakama ikamwamuru aiweke bima yake ya jeshi kwa ajili ya watoto wao watatu. Mwaka uliofuata alioa mke mwingine, na baada ya siku chache akabadilisha maandishi ya bima. Januari 1979 akafariki. Mama wa watoto na mjane wakashindania dola 20,000 mpaka Mahakama Kuu ya nchi, ambayo mwaka 1981 ilikata shauri, majaji watano kwa watatu, kuwa mjane ndiye apewe, kwani sheria inamwachia askari mwenyewe kuchagua na kubadilisha. Amri ya talaka haikufua dafu mbele ya karatasi ile.

Na sisi je? Wanajeshi wa Kenya waliingia Somalia Oktoba 2011. Baada ya shambulio la El Adde, Januari 15, 2016, jamaa za askari waliitwa watoe vipimo vya DNA ili maiti zitambuliwe. Kwa shughuli kama hiyo huna budi kujua jamaa ni nani na wakaa wapi.

Hivi karibuni kijana wa mtaani kwetu, askari, alinijia barazani na bahasha.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu. Waniletea shairi?"

Hakuwa na shairi. Alipoandikwa jeshini alikuwa kapera, akampa karani jina la mamake na simu ya marehemu babake. Sasa ana mke na watoto wawili, na kikosi chake chakaribia kuondoka. Karatasini bado ni kapera. Nikamwuliza kwa nini amekaa miaka sita. Akasema aliona haya kumfuta mamake.

Haya hii naijua, imejaa majumbani mwetu. Pia ipo hofu kwamba kuandika habari za mauti ni kuyaita, ilhali Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, amefundisha kwamba Muislamu mwenye cha kuusia asilale siku mbili ila wasia wake umeandikwa. Nilimweleza kijana kuwa kupewa habari ni jambo moja, na kupokea mali ni jambo jingine. Mama haondolewi, anaongezwa mke na watoto. Na urithi wenyewe una mafungu yake: mama sudusi, mke thumuni pakiwapo watoto, na wake wakiwa wawili hugawana thumuni hiyo hiyo. Wala yule mke wa pili aliyeolewa kimyakimya hapotezi fungu lake kwa kutoandikwa, ila atazungushwa akitafuta mashahidi wa nikaha mbele ya Kadhi, naye yumo edani. Kama jina lililoandikwa kwenye malipo ni la kumiliki au la kupokea kwa amana, hilo aulizwe Kadhi angali hai mwenye kuandika.

Kisha tukayatazama majina. Mkewe ni Mwanajuma kwenye kitambulisho, Mwana Juma kwenye cheti cha ndoa, na kadi ya kliniki ya mtoto yasema Juma tu. Hayo yalitutoa jasho kuliko mirathi.

Katika fomu ya Wamarekani mna mahali pa kutaja jamaa asiyefaa kupewa habari kwa sababu ya ugonjwa, na nani aambiwe badala yake. Nilimhadithia kijana, naye akaenda kumwuliza mamake, mwenye maradhi ya moyo, kama angependa vivyo. Bibi yule alikataa katakata. Yeye aambiwe, tena wa kwanza, lakini si kwa simu: aje imamu wa msikiti wetu, baada ya alasiri, na mkwewe awepo.

Tuliyaandika hivyo hivyo.